Kakakuona anamshinda simba, kwa nini binadamu anammaliza?

Mkuu, umeuliza inakuwaje kakakuona, ambaye hata simba anashindwa kumtafuna, anaishia mikononi mwa jangili asiye hata na bunduki. Ni kwa sababu kinga yake inafaa dhidi ya meno na kucha tu. Akishtuka anajikunja kama mpira, kichwa na tumbo ndani, magamba nje. Simba anamgeuza, anamlamba, anamng'ata, akichoka anaondoka, maana hawezi kumaliza nguvu zake kwa mlo usiofunguka. Binadamu hana haja ya kumfungua. Anamwokota, anamtia kwenye kiroba, basi! Kule kutulia kulikomwokoa kwa simba ndiko kunakomrahisishia jangili kazi. Na huyu mnyama kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, kwa hiyo pengo halizibiki haraka.

Tembo nao wakihisi hatari hukusanyika, wakubwa wakiwakinga watoto. Fisi au simba atasita. Mwenye bunduki anaona kundi zima mahali pamoja. Hapa Tanzania sensa ya 2009 ilikuta tembo kama 109,000, ya 2014 ikakuta kama 43,000.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba magamba ya kakakuona ni keratini, kitu kilekile kilichomo kwenye kucha zetu. Hakuna ushahidi kuwa yanatibu chochote, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 2017. Mtu akikunong'oneza hapa Dar kwamba anayo, usinunue, toa taarifa polisi.