Anza na Hukwe Zawose
Mwalimu, umeuliza uwaanzishie nani kidato cha pili kwenye watunzi wa muziki wa kisasa, na kama kusoma maisha yao si kupoteza vipindi. Mimi ningeanza hapa hapa Ugogoni, na mwanamuziki Mgogo Hukwe Zawose. Alijifunza muziki kwa baba yake, akaimba huku anachunga ng'ombe. Ukishalijua hilo, ile sauti yake inayopanda na kushuka ghafla huioni tena kituko. Mimi naisikia kama mtu aitaye mifugo mbugani. (Waulize wanafunzi wako waliochunga Bahi au Chamwino, watakudakia kabla hujamaliza.) Baadaye Nyerere akamwita Dar es Salaam, akaja kufundisha chuo cha sanaa Bagamoyo, na miaka ya 1990 kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza ikatoa albamu yake. Alifariki 2003.

Hizo tarehe usiwakaririshe, tafadhali. Tafuta ilimba, ile ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole, hata ya kuazima kwa mzee wa jirani, waguse vile vyuma kwa vidole gumba kwanza. Habari za ng'ombe wataziuliza wenyewe.