Amana si kodi ya mwezi wa mwisho

Ukiwa mpangaji unayekaribia kuhama, huwezi kukataa kulipa kodi na kumwambia mwenye nyumba "kata kwenye amana" mwezi wa mwisho, labda mkataba uwe unasema hivyo au yeye akubali kwa maandishi. Amana, yaani hela unayomwachia mwenye nyumba unapoingia, ni ya kufidia uharibifu na madeni utakayoacha, kama bili ya maji au umeme. Ukigoma kulipa kodi ukiitegemea, unahesabika mdaiwa.

Ila uchakavu wa kawaida hautakiwi kukatwa. Rangi iliyofifia, sakafu iliyolika pale mnapopita kila siku, hayo ni matumizi. Kioo kilichovunjika au mlango uliotobolewa ni uharibifu, huo utaulipa. Ugomvi mwingi unaanzia hapa, kwa sababu hakuna anayekumbuka nyumba ilikuwaje siku ya kwanza. Mimi nilipoteza karibu amana nzima kwa sinki lenye ufa nililolikuta hivyohivyo, na sikuwa na hata picha moja. Iliniuma sana. Siku hizi kabla sijaingiza hata godoro napiga picha kila chumba, nafungua kila bomba, nasoma mita, kisha orodha ya kasoro tunaisaini wote wawili na kila mtu anabaki na nakala.

Muda wa kurudishiwa amana hutofautiana kulingana na sheria za nchi na mkataba, kwa hiyo hakikisha umeandikwa. Na tafadhali, usitoe hela yoyote kabla hujaiona nyumba kwa ndani na kuthibitisha kwamba anayekupangisha ana haki ya kuipangisha.