Usimeze dawa ya kuzibua pua kabla ya kuzamia

Mkuu, hicho kidonge kiache. Umeandika kwamba kinywa kinakukauka chini ya maji hadi ulimi unagandamana na kaakaa, kwamba hujazoea kupumua kwa mdomo, kwamba unajiuliza kama ununue kipumulio (kifaa cha mdomoni kinachokuletea hewa kutoka mtungini) chako mwenyewe, na kwamba kwa kuwa una mafua, kuna mtu amekushauri umeze dawa ya kuzibua pua pamoja na ya mzio ili Jumamosi upumue vizuri. Ushauri huohuo nilipewa na mwalimu aliyekuwa akinifundisha kuzamia, akanihakikishia kwamba wanafunzi wake wote wenye mafua humeza na hakuna aliyewahi kudhurika. Ndiyo maana nimeshindwa kukupita kimya.

Dawa hiyo haitaondoa ukavu wa kinywa chako hata kidogo. Pua imefunikwa na maski, na hata ikizibuka kabisa, hewa yote utakayoivuta itapitia mdomoni. Nayo ni hewa kavu kupindukia, kwa sababu kompresa inayojaza mtungi huipitisha kwenye vichujio vinavyoondoa unyevu, ili mtungi usishike kutu kwa ndani na vali zisigande kwa barafu. Inapotoka kwenye mtungi wenye shinikizo la bar 200 hivi (bar moja ni takriban shinikizo la hewa usawa wa bahari) hutanuka na kupoa, kisha kinywa na koo ndivyo hulazimika kuipasha joto na kuilowesha, kazi ambayo nchi kavu hufanywa na pua. Dawa nyingi za mzio, hasa zile za zamani zinazoleta usingizi, huzuia ishara za neva zinazoziamuru tezi kutoa mate, kwa hiyo utashuka na kinywa kilichokauka tangu ukiwa juu. Vidonge vingi vya kuzuia kichefuchefu cha safari ni vya jamii hiyohiyo. Usingizi wenyewe nao hauna nafasi mahali ambapo, kadiri unavyozidi kwenda chini, naitrojeni iliyomo kwenye hewa unayovuta peke yake inaweza kukulewesha.

Ukavu, hata hivyo, ni kero tu. Hatari kubwa iko kwenye kupanda. Dawa ya kuzibua pua hubana mishipa midogo ya damu ili ngozi laini ya ndani ya pua na ya sainasi, yaani matundu ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso, inywee, ukashuka bila shida, masikio yakazibuka, ukaamini kwamba umepona. Ikiisha nguvu ukiwa chini, ngozi ile huvimba tena na kuifungia hewa ndani ya mifupa ya uso. Hewa iliyofungwa inaifuata kanuni aliyoichapisha Robert Boyle mwaka 1662: shinikizo likipungua, ujazo unaongezeka. Kutoka mita 20 hadi mita 10 shinikizo hushuka kutoka bar 3 hadi 2, kwa hiyo hewa inataka nafasi mara moja na nusu. Kutoka mita 10 hadi juu inataka nafasi maradufu. Mabadiliko makubwa kabisa yako kwenye zile mita za mwisho, wakati mtungi nao unaelekea kuisha.

Mimi nilikimeza kidonge hicho nikashuka, na wakati wa kupanda maumivu yalianzia juu ya jicho la kushoto, yakapanda kila nilipopanda, hadi nikahisi kama mfupa unapasuliwa kwa ndani. Nilishuka kidogo, yakapoa. Nikapanda taratibu, yakarudi. Ukishindwa kuzibua masikio wakati wa kushuka, unarudi juu na siku yako inaishia hapo. Ukizibwa wakati wa kupanda, huwezi kubaki chini, kwa kuwa hewa inakwisha, nawe unatakiwa uendelee kupumua bila kubana pumzi hata mara moja, maana mapafu yanaifuata kanuni ileile. Nilifika juu maski ikiwa na damu chini ya pua. Mwalimu aliitazama, akasema ni jambo la kawaida, akaendelea kupanga mitungi. Nililipia kozi ambayo sikuimaliza, nikalipia matibabu, na hadi leo sijasikia kutoka kwake neno la pole. Mtu anayegawa vidonge kwa wanafunzi asiowapima, akijua kwamba wao ndio watakaozibwa chini, hastahili kumshusha mtu yeyote majini.

Kwa hiyo shika hili moja: pua na masikio visivyozibuka vyenyewe nchi kavu, bila dawa, havishuki majini siku hiyo. Asubuhi ya Jumamosi bana pua, funga mdomo, puliza taratibu. Masikio yote mawili yakiitika kwa urahisi, nenda. Sikio moja likikataa, au uso ukiwa mzito juu ya macho, ahirisha, hata kama umeshalipa.

Ukavu wenyewe una dawa ya bure, nayo ni maji, unayoyanywa kidogokidogo kuanzia siku iliyotangulia, si chupa nzima dakika chache kabla ya kuvaa mtungi. Najua wanafunzi wengi hujinyima maji kwa kuogopa mkojo, lakini mwili ukizama damu ya miguuni husogea kifuani na figo huongeza mkojo hata kama hukunywa, kwa hiyo ukijinyima unapoteza usichokuwa nacho. Ukiwa chini, vuta pumzi polepole na uitoe kwa muda mrefu zaidi. Pumzi fupi za haraka ndizo zinazokausha na kumaliza mtungi. Ncha ya ulimi iweke nyuma ya meno ya juu ili hewa isilipige koo moja kwa moja, na mate yanayokusanyika yameze. Kipumulio kishike kwa midomo bila kukiuma kwa nguvu, kwa sababu taya lililokakamaa huchoka upesi na midomo ikiachia maji yanapenya.

Ukiona bado huna hakika kuhusu mafua yako, piga simu leo uombe tarehe nyingine. Wakikukatalia na kukuambia umeze kidonge, tafuta mahali pengine pa kujifunzia.