Jibu: Sanamu ya Phnom Penh, ni Buddha au ni mfalme?

Salaam mkuu. Umeuliza kama ile sanamu ya jiwe iliyopatikana bila mikono, Makumbusho ya Taifa Phnom Penh, Kambodia, ni Buddha au Jayavarman VII, mfalme wa zamani wa Khmer.

Mkao wa kukunja miguu usikusumbue, wote wawili huonyeshwa hivyo wakitafakari. Anza na kichwa: Buddha huwa na kile kinundu cha utosini, huyu nywele zimevutwa nyuma zikafungwa fundo dogo. Halafu kiunoni: kitambaa kifupi, si joho la mtawa. Na mwili ni mnene kidogo, wa mtu mzima hasa.

Mimi huweka picha yake kando ya picha ya sanamu nyingine ya mfalme huyo, ile ya Phimai, Thailand. Sura ile ile!

Ila kwenye ripoti yako andika "inaaminika ni", maana utambuzi umetokana na kulinganisha sura.