Jibu: Ulauncher haifunguki kwa Ctrl+Space kwenye Ubuntu 22.04

Habari ndugu. Kwa hiyo Ulauncher (programu ya kutafuta na kufungua programu nyingine haraka) inafunguka ukiibofya kwa kipanya, ila ukibonyeza Ctrl+Space ukiwa ndani ya Firefox, kimya. Usiifute kwanza. Fungua terminali (dirisha la kuandika amri), andika echo $XDG_SESSION_TYPE. Ikijibu wayland, chanzo ni hicho: Wayland (mfumo unaoonyesha madirisha kwenye skrini) haiachi programu inase vitufe wakati uko kwenye dirisha la programu nyingine.

Nenda kwenye mipangilio ya kibodi, ongeza njia ya mkato mpya, kwenye amri andika ulauncher-toggle, kisha uipe Ctrl+Space. Halafu, na hapa wengi hupasahau, ingia mipangilio ya Ulauncher yenyewe uweke vitufe vingine usivyovitumia kabisa, la sivyo vitagongana.

Hii ni kwa GNOME (mazingira ya eneo-kazi ya kawaida ya Ubuntu), ndiyo ninayoitumia.