Kamera ya ndoto kwa mpigapicha wa Mwanza: anza na kazi unazofanya

Wapigapicha tukijikuta pamoja kivulini, pale ufukweni mkabala na Jiwe la Bismarck, lile jiwe maarufu la ziwani, tukiwasubiri maharusi waliochelewa kutoka kanisani, mazungumzo hayakawii kufika palepale: kama fedha si tatizo, ungetengenezewa kamera ya namna gani? Mmoja anataka megapikseli mia. Mwingine anataka inayopiga usiku bila chengachenga. Dada mmoja anataka nyepesi tu, ya kubeba kwenye boda kutwa nzima bila bega kuuma.

Mimi mazungumzo haya nayachukulia kwa uzito. Kamera inakula akiba ya miaka, na mtu asiyejua anachokihitaji huishia kununua anachotaka kuuza muuzaji. Kwa hiyo, mdogo wangu unayeanza kazi hii Mwanza, Musoma, Bukoba au Geita, kaa chini uiandike hiyo kamera yako ya ndoto. Ila usianze na matangazo ya watengenezaji. Fungua picha ambazo hukumpa mteja, na mbele ya kila moja andika kilichoikwamisha: mwanga, mwendo, umbali, umeme, vumbi, au kitufe ambacho kamera yako inacho na hujawahi kukigusa. Sifa za kamera yako zitoke humo.

Orodha yangu inaanza na ngozi.

Kipima mwanga cha kamera kimetengenezwa kwa dhana moja: kwamba ukichanganya kila kilichomo kwenye fremu utapata kijivu cha katikati, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Bibi harusi wa kwetu, mweusi, ndani ya gauni jeupe lililojaza fremu, anaivunja dhana hiyo. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama. Msogelee mpaka uso wake pekee ujaze fremu, kamera hiyohiyo inaona weusi mwingi, inaongeza mwanga, na ngozi inapauka. Mtu yuleyule, saa ileile, albamu moja, rangi mbili. Kamera za siku hizi hutambua uso na kuupa uzito zaidi, na zimesaidia sana, lakini mwanga ukitokea nyuma ya mtu bado unatakiwa uwe macho.

Jambo hili lina historia inayoniuma. Enzi za filamu, maabara za kusafisha picha zilipima rangi za mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Mafundi waliziita kadi hizo Shirley. Rangi ikimkaa Shirley vizuri, mashine ilihesabiwa iko sawa kwa watu wote. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana, miaka ya 1990. Fungua albamu za wazazi wetu uone: shati linaonekana, meno yanaonekana, uso wa mzee hauna umbo. Kosa halikuwa la mzee wala, mara nyingi, la fundi wa studio. Mwaka 2021 Google walitoa simu za Pixel 6 zenye mfumo walioupa jina Real Tone, uliotengenezwa makusudi ili ngozi nyeusi zitoke zilivyo. Nilifurahi sana, na hapohapo nikajiuliza kwa nini kamera kubwa, zenye bei mara kadhaa ya simu, hazijalifanya hili kuwa jambo la kwanza.

Ninachokitaka ni hiki: niguse shavu la mteja kwenye skrini, kamera ipime ngozi hiyo, iikumbuke, na iishikilie sherehe nzima, avae shela au alivue, asimame mbele ya ukuta mweupe au mbele ya mti. Mpaka itakapotengenezwa, fanya kwa mkono. Weka upimaji wa nukta, ule unaosoma eneo dogo tu la picha, pima shavuni, punguza kidogo kama ngozi ni nyeusi, kisha hamia M, unapopanga vipimo mwenyewe, ubaki navyo mpaka mwanga ubadilike. Au tumia kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: gauni jeupe likijaza fremu ongeza takriban stopu moja (yaani mwanga mara mbili), uso mweusi ukijaza fremu punguza kidogo. Kitufe hicho kipo kwenye kamera yako hata kama ni ya mwaka 2008.

La pili ni jua. Mwanza iko kama digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta, na katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua linapita utosini kabisa. Tena saa zetu zinafuata mstari ulio mbali mashariki mwetu, kwa hiyo jua la utosi huku halifiki saa sita. Linafika karibu saa saba mchana. Ndiyo saa ambayo ibada nyingi zinamalizika na familia inataka picha nje ya mlango wa kanisa. Macho yote yanakuwa mashimo ya kivuli. Dawa yake ni flashi, na hapo ndipo kamera nyingi zinapokwama.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwenye jua kali, kwa ISO 100 (unyeti wa sensa), tundu la lenzi la f/16 linahitaji kasi ya karibu 1/100 ya sekunde. Wewe unataka f/2.8, tundu pana zaidi, ili nyuma kulainike na magari ya wageni yasionekane. Hapo kasi inapanda hadi 1/3200. Lakini kamera nyingi zinaoanisha flashi na shata, lile pazia linaloruhusu mwanga kuingia, mpaka 1/200 au 1/250 tu. Ukizidisha, sehemu ya picha haipati mwanga wa flashi. Flashi zenye uwezo wa kuwaka kwa kasi ya juu zipo, ila nguvu yake inashuka sana, na kwenye jua la saa saba nguvu ndiyo unayoihitaji. Mwaka 2023 Sony walitangaza A9 III, kamera ya kwanza ya fremu kamili (sensa yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35) inayosoma sensa nzima kwa mara moja, na flashi inaoana nayo mpaka 1/80000. Ilianza kuuzwa kwa dola 6,000 hivi bila lenzi. Kamera ndogo za Fujifilm za X100 zimepita njia nyingine: shata yao iko ndani ya lenzi, inaoana na flashi kwa kasi kubwa, na zina kichujio cha kupunguza mwanga humohumo.

Sasa, mdogo wangu, usikimbilie mkopo. Kichujio cha kijivu cha kufunga mbele ya lenzi, kinachokata stopu nne, kinakurudisha kutoka 1/3200 hadi 1/200 ukiwa na f/2.8 ileile. Flashi yako iwe na nguvu na uisogeze karibu. Na kama huna kichujio wala flashi, wapeleke maharusi chini ya mwembe, migongo yao kivulini na nyuso zikielekea palipo wazi. Hii ndiyo sababu nasema uandike tatizo kabla ya kuandika kamera. Niliyokuwa nayataka kwenye kamera ya mamilioni, sehemu kubwa yanafanywa na kioo kidogo cha kichujio na mti.

Jioni mambo yanageuka. Jua linazama nyuma ya Jiwe la Bismarck, wateja wote wanalitaka, na huku kwetu giza halibembelezi: jua likishazama una kama dakika ishirini za mwanga wa kufaa. Hapo nataka sensa inayobeba machungwa ya anga na uso ulio kivulini kwa pigo moja. Sensa nzuri za sasa zinakaribia. Piga RAW, faili ghafi lisilobanwa na kamera, linda anga lisiungue, kisha inua vivuli baadaye. Hata hivyo flashi ndogo yenye nguvu ya chini inatoa uso wenye uhai kuliko kivuli kilichoinuliwa kwa kompyuta.

Ngoma zetu nazo zina madai yake. Nenda Bujora siku ya Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, au mwalike mchezaji wa bugobogobo, ngoma ya majembe, arushe jembe mbele yako. Kamera nyingi zisizo na kioo ndani (mirrorless) zina shata ya kielektroniki iliyo kimya, watu wanaipenda kanisani. Lakini sensa zake husoma picha mstari baada ya mstari, na jembe likizunguka kwa kasi mpini unatoka umepinda. Kwa ngoma rudi kwenye shata ya kawaida, kelele yake haitasikika mbele ya ngoma za Wasukuma. Ukumbini usiku tatizo hilohilo linakuja kama mistari myeusi inayokata picha chini ya taa za LED. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jaribu 1/50 au 1/100 na mara nyingi mistari inaondoka. Taa za rangi za jukwaani zina kupepesa kwake na hazitii kanuni hii. Kwenye kamera ya ndoto yangu, sensa inasomwa kwa wakati mmoja na hili halipo.

Kuhusu megapikseli sina mengi. Picha ya A4 iliyochapishwa vizuri kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji karibu megapikseli 9. Megapikseli 24 zinakupa inchi 20 kwa 13. Mteja wako ataiona kwenye WhatsApp, ambayo huipunguza zaidi. Fedha ya kuongeza megapikseli ipeleke kwenye lenzi.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho wenzangu wengi hawakifahamu, ni cha usiku ziwani. Dagaa wanavuliwa kwa taa, siku za giza, mwezi ukiwa haupo. Ukipanda kilima cha Capripoint usiku wa namna hiyo unaona ziwa limejaa nukta za mwanga kama mji wa pili. Ukiacha shata wazi kwa muda mrefu, taa za karibu zinaungua na anga linapauka kwa mwanga wa mji. Tangu 2014 baadhi ya kamera za Olympus zina njia inayopiga picha mfululizo na kuongeza tu kile kipya kilicho na mwanga zaidi. Giza linabaki giza, taa zinachora njia za mitumbwi, na wewe unaangalia picha ikijijenga kwenye skrini na kusimamisha ukiridhika. Kila kamera ingekuwa na kitu hiki ningeshukuru. Bila hicho, funga kamera kwenye stendi, piga picha nyingi fupi zinazofuatana, uziunganishe kwenye kompyuta kwa kuchagua sehemu zenye mwanga zaidi. Ukiwa ndani ya mtumbwi wenyewe sahau stendi, maana mtumbwi unayumba; pandisha ISO, fungua lenzi ya f/1.8, na taa ya mvuvi imwangazie yeye. Muombe ruhusa kabla ya kupanda, na ukae pale atakapokuambia ukae.

Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, au kule Igombe dagaa wakiwa wameanikwa juani, kamera inakutana na mchanga, magamba na chumvi ya jasho lako. Hapo nataka mwili uliozibwa kweli, wenye kipimo kilichoandikwa. Kamera ya OM-1 ya mwaka 2022 ilikuja na IP53, kipimo cha kuzuia vumbi na maji ya kunyunyizwa, ikifungwa lenzi iliyozibwa pia, na ni kamera chache zinazothubutu kutaja namba. Wengine husema tu imelindwa dhidi ya hali ya hewa, maneno yasiyopimika. Usibadilishe lenzi mwaloni. Na nyumbani usiifungie kamera ndani ya begi la ngozi kabatini, maana unyevu wa ziwa unaotesha kuvu kwenye lenzi. Weka kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Mchele usitumie, una vumbi.

Umeme. Sendofu inaanza saa moja usiku na kuisha saa saba, na mchana wake ulikuwa kazini. Kamera zisizo na kioo zinakula betri kwa sababu skrini haizimi: Sony A7 ya kwanza ya 2013 ilipimwa picha 340 hivi kwa chaji moja, wakati A7 III, yenye betri kubwa zaidi, ilifika 710. Hiyo ndiyo sifa ya kuiangalia kabla ya video ya 8K. Habari njema ni kwamba Ulaya imeweka sheria kwamba tangu 28 Desemba 2024 kamera mpya zinazochajiwa kwa waya zikubali USB-C, na kamera zinazouzwa kule ndizo zinazotufikia. Pawabenki ya simu inakuwa betri yako ya akiba umeme ukikatika.

Halafu sehemu mbili za kadi. Hili sibishani na mtu. Harusi hairudiwi, kadi ya SD inakufa bila kuaga. Kamera yenye nafasi moja usipeleke harusini kama unaweza kupata yenye mbili, ikiandika picha ileile kwenye zote.

Kuna wenzetu wanaoiota kamera isiyo na video kabisa, ya picha tu. Nikon waliitengeneza mwaka 2013, Nikon Df, na ni kitu kizuri kukishika. Mwanza hapa mteja anataka picha na klipu ya sekunde thelathini ya kuweka statasi usiku huohuo. Isome kazi ya mtaani kwako kabla ya kuota usafi wa namna hiyo.

Ukishaandika yote, kata orodha mafungu: la lenzi, la flashi, la kichujio, la kitufe ulichonacho, na la mwili wa kamera. La mwisho litakuwa fupi kuliko ulivyodhani, na ndilo unalonunulia kamera. Kabla ya kutoa fedha, kodisha au azima hiyo kamera kwa mwenzako siku ya kazi moja ngumu, si dukani kwenye kiyoyozi. Ukinunua iliyotumika, uliza shata imepiga mara ngapi, kamera nyingi zimekadiriwa kati ya 100,000 na 200,000. Mulika lenzi kwa tochi ukitafuta nyuzi za kuvu. Piga anga tupu kwa f/16 uone madoa ya sensa. Na ujaribu nafasi zote mbili za kadi, kwa kadi zako mwenyewe, muuzaji akiwepo.