Nyumba bila kianzio huko shamba: piga hesabu mara mbili

Nikisema nyumba yetu tuliinunua bila kutoa kianzio, watu huniomba namba ya dalali. Dalali hakuna cha ajabu alichofanya. Ni mpango wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA, ulioanzia kwenye sheria ya nyumba ya mwaka 1949. Tuliohamia hapa tukakaa mijini hatuufikirii, maana tukisikia kilimo tunawaza matrekta. Kumbe mkopo huu si wa kununulia shamba la biashara, ni wa nyumba ya kukaa mwenyewe. Uraia pia si lazima. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuomba.

Upo wa aina mbili. Mmoja serikali inautoa yenyewe kwa wenye kipato kidogo, na ruzuku inaweza kushusha riba yake hadi asilimia 1. Mwingine, ambao ndio wetu, unatolewa na benki, serikali ikiwa mdhamini. Usidhani kukosa kianzio ni bure. Kuna ada ya dhamana ya asilimia 1, ambayo unaweza kuiingiza ndani ya mkopo, na asilimia 0.35 kila mwaka. Ukikopa dola 200,000, hiyo ni dola 2,000 mwanzoni na karibu dola 700 mwaka wa kwanza. Ada ya mwaka haikuachii hata ukishalipa sehemu kubwa ya deni. Unaenda nayo mpaka umalize au uhamie mkopo mwingine.

Linalowakwamisha watu wetu zaidi ni mapato ya kaya. Kikomo ni asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo, kulingana na idadi ya watu nyumbani, na wanahesabu kipato cha kila mtu mzima anayelala humo, hata asiyeweka saini. Sasa fikiria nyumba zetu: shemeji yupo chumba cha chini anafanya kazi ghalani usiku, mdogo wako naye yupo. Wawili mnaoomba mnaweza kuwa chini ya kikomo, shemeji akawavusha. Msimfiche. Jumlisheni wote kabla ya kwenda benki, mkikumbuka kuwa watoto na gharama za kuwalea hupunguza kiasi kinachohesabiwa.

Nyumba lazima iwe eneo ambalo USDA inalihesabu kuwa shamba, na ramani yao inapima kwa anwani, si kwa mandhari. Kuna vimji vya kawaida kabisa vinavyokubaliwa, na kuna mahali penye mahindi pande zote panapokataliwa. Ingiza anwani kabla hujamlipa mkaguzi. Halafu mwambie muuzaji mapema kwamba baada ya benki kuridhika, faili bado linapita USDA. Serikali ikifungwa kwa ugomvi wa bajeti, linalala huko.

Hesabu ya pili, ya gharama za kuishi shamba, ndiyo mawakala hawaigusi. Tulipotoka mjini Columbus, bili ya maji iliisha, tukapata kisima chenye pampu ya umeme: umeme ukikatika, na maji hakuna. Pima maji ya kisima, bakteria na naitreti, kabla ya kufunga mauzo. Tanki la maji taka hunyonywa kila baada ya miaka 3 hadi 5, na nyumba inayopokea wageni wa harusi kama yetu isingoje wa 5. Kwenye gesi ya propani, uliza tanki ni la nani. Likiwa la kukodi, kampuni yenye tanki ndiyo pekee inayolijaza, na bei ni yake. Bima nayo inaangalia umbali hadi kituo cha zimamoto, ambacho huku mara nyingi ni cha watu wa kujitolea.

Majirani ni wazuri, wanapunga mkono hata wasiokujua. Lakini basi halipiti, na duka, hospitali na msikiti vyote ni mwendo wa gari. Nimeona familia ikirudi mjini kwa sababu mmoja wao haendeshi, akabaki kama amefungiwa, mwenzake akienda kazini. Kwa hiyo kama mke, mume au mama mnayekaa naye hana leseni, anze kujifunza sasa, wakati mnasubiri faili.